Siku moja maishani mwangu: masika yanapokutana na bamvua Shimanzi

Saa kumi na nusu alfajiri. Simu ya mlinzi: "Dada, uwanja umeshajaa, maji yako karibu na mlango wa pili." Jana niliangalia jedwali la maji. Mwezi mpevu, bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida; bahari kujaa saa kumi na robo. Na mvua imeshuka saa hiyo hiyo.

Nasimamia godauni la chai Shimanzi, mwendo mfupi kutoka bandari ya Kilindini. Chai yetu hutoka Kericho, Uganda na Rwanda, ikisubiri mnada wa hapa Mombasa au meli.

Saa kumi na mbili. Uwanjani maji yananifika vifundoni, meusi kwa mafuta ya malori. Mengi si ya bahari, ni ya mvua. Watu wakisikia kwamba bahari inapanda, hungoja kuona mawimbi yakiruka gati. Gati zimejengwa juu. Sisi tunaingiliwa kwa mlango wa nyuma: mtaro wetu humwaga baharini, na bamvua likijaa mdomo wake unazama, mvua inakosa pa kwenda. Hapa bahari hupanda na kupwa kwa zaidi ya mita 3 siku za bamvua. Masika wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, hatuna shida kubwa hivi.

Saa mbili. Bahari imepwa, uwanja umejikausha wenyewe. Nimepiga magoti kupapasa magunia ya safu ya chini. Ni ya karatasi, na chai hunyonya unyevu na harufu upesi. Moja lina ukingo uliolegea, nalitenga. Nje malori yamepanga foleni hadi barabarani. Lori moja likichelewa hapa, nafasi yake ya kuingia bandarini inapotea, na meli haingoji.

Saa nne, maji makavu, bahari ikiwa chini kabisa. Ndiyo saa ninayoithamini kuliko zote. Nimeshuka kwenye mdomo wa mtaro pamoja na mzee fundi wetu wa pampu. Pana mlango wa chuma uliofungwa bawaba juu: maji ya ndani huusukuma ukafunguka, bahari ikisukuma kutoka nje unajifunga. Leo haukujifunga sawasawa. Chaza wameota kwenye ukingo, na chupa ya plastiki imebanwa kwenye pembe. Mzee anawagongoa chaza kwa patasi, polepole, asije akautoboa mpira wa kuziba ukingoni. "Zamani nilikuwa nakuja huku mara moja baada ya masika," ananiambia. "Sasa mwanangu, kila bamvua."

Saa saba. Wali na samaki, kisha karatasi. Naandaa barua kwa mkuu wangu. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, inasema wastani wa kina cha bahari duniani ulipanda kwa kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kwamba kati ya 2006 na 2018 kasi ilifika milimita 3.7 kwa mwaka. Maji yakipata joto hutanuka, na barafu ya nchi kavu inayeyuka. Paleti yetu, jukwaa linaloinua magunia kutoka sakafuni, ina kimo cha sentimita kama 15. Naandika hivyo hivyo, maana mkuu anaijua paleti. Naongeza kwamba bahari ikizidi kupanda, mdomo wa mtaro utakaa chini ya maji kwa muda mrefu zaidi kila siku, hata kama mvua haitaongezeka tone.

Saa kumi na nusu jioni. Bamvua la pili. Mvua nyepesi, mlango umejifunga, pampu inavuta. Uwanja una madimbwi tu.

Saa kumi na mbili. Kikao kuhusu godauni jipya. Mchoro unaonyesha sakafu ikilingana na barabara, na sanduku kuu la umeme likiwa ukutani, chini. Nimesema wazi: sakafu ipandishwe, umeme uwekwe juu ya kichwa cha mtu, na pawe na shimo kubwa la kuhifadhi mvua hadi bahari ipwe. Mhandisi anasema gharama. Nimemuuliza jengo litakaa miaka mingapi. Amesema hamsini. Basi lichorwe kwa bahari ya miaka hamsini ijayo. Sakafu wamekubali. Shimo bado, na Jumatatu naenda nalo tena.