Graf von Götzen kwa skeli ya 1:100: kumbukumbu ya mradi, Kigoma

Graf von Götzen ilikuwa meli ya Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na hapa tunaunda mfano wake. Mpaka sasa: gamba limekamilika, sitaha imebandikwa, mizinga miwili ipo (mmoja wa chuma, mmoja wa mbao), na boti ya Waingereza iliyoitwa Mimi inasubiri rangi. Bado maji, kamba za milingoti na ndege.

Anayeunda Götzen aamue kwanza anaunda ya mwezi gani, kwa sababu meli hii haikukaa na sura moja. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, kwenye karakana ya Meyer Werft mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000 na kuletwa hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma. Iliteremshwa ziwani tarehe 5 Februari 1915 na kuanza kazi Juni mwaka huohuo. Kwenye michoro mingi utaiona siku ya kuteremshwa tayari ina mzinga wa milimita 105 omoni, yaani mbele ya meli. Si kweli. Februari 1915 mzinga huo ulikuwa bado juu ya manowari Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji.

Königsberg ilitumwa baharini kuwinda meli za biashara. Ilikamata moja tu, City of Winchester, tarehe 6 Agosti 1914 karibu na pwani ya Oman, ikachukua makaa yake. Tarehe 20 Septemba ikaizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, hapo Zanzibar, kisha ikajificha Rufiji hadi tarehe 11 Julai 1915 ilipomalizwa na manowari za Waingereza, Severn na Mersey. Mizinga yake yote kumi iliopolewa, na mmoja ukaletwa Kigoma ukafungwa kwenye Götzen. Kwa hiyo mfano wenye mzinga hauwezi kuwa wa kabla ya nusu ya pili ya 1915. Mwaka 1916 mzinga ukang'olewa tena kwenda kusaidia vita vya nchi kavu, na mahali pake pakawekwa bandia wa mbao. Mradi huu ni wa Juni 1916, Götzen ya mzinga bandia, ila tundu la kigingi pale omoni limeachwa wazi ili mizinga iweze kubadilishwa.

Vipimo. Meli ina urefu wa karibu mita 71 na upana wa karibu mita 10, kwa hiyo mfano ni sentimita 71 kwa 10. Gamba la Liemba ya leo ndilo lilelile la Götzen: Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916 karibu na mlango wa Malagarasi, mitambo ikiwa imepakwa grisi nzito na ngama, yaani tumbo la meli, imejazwa mchanga, Waingereza wakaiibua 1924 na kuirudisha kazini kwa jina la Liemba mwaka 1927. Lakini chukua kwa Liemba umbo la gamba tu. Vyumba vya juu, daraja la nahodha na dohani vilijengwa upya, na mitambo ya mvuke ikatolewa kupisha dizeli miaka ya 1970. Bandarini omba kibali kabla ya kupiga picha.

Kila kilicho juu ya sitaha hupimwa kwenye picha za zamani zilizopigwa ubavuni. Chukua rula upime urefu wa meli kwenye picha. Ikitoka milimita 142, kila milimita ya picha ni nusu mita ya meli, na kwenye mfano ni milimita 5. Dohani yenye milimita 14 kwenye picha itakuwa na milimita 70 kwenye mfano. Picha iliyopigwa kwa mshazari, hata kidogo, hufupisha meli na kuziacha dohani na milingoti na urefu wake, na ukiifuata utapata meli yenye dohani ndefu kama ya kiwanda. Dalili yake ni moja: ukiona uso wa tezi (nyuma ya meli) na ubavu kwa pamoja, hiyo picha usiipimie.

Gamba. Tunaunda sehemu iliyo juu ya maji tu, hivyo rafadha na usukani havihusiki. Mbao za msonobari za milimita 10 zinachanwa vipande vitatu vya sentimita 72 kwa 11, vinabandikwa kimoja juu ya kingine kwa gundi nyeupe ya mbao, na kipande kifupi cha nne kinaongezwa omoni ambapo sitaha inapanda. Tatizo ni unyevu. Msonobari unaouzwa Mwanga, hapa Kigoma, mara nyingi umepasuliwa juzi, na ukibandikwa hivyo gamba litajipinda kama ndizi kiangazi kikiingia. Zianikwe kivulini, si juani, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite pande zote. Pima uzito kwa mizani ya duka kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao iko tayari. Wakati wa kubandika angalia miduara ya mti kwenye ncha ya ubao: tabaka moja miduara iangalie juu, linalofuata iangalie chini, ili kila ubao uvutane na mwenzake. Klempu ziwe angalau kila sentimita 8. Ukikaza za katikati kwanza gundi hutoka vizuri. Ukianza na ncha, hewa na gundi hubaki katikati na utakuja kuyaona matabaka yakiachana wakati wa kupiga msasa.

Mninga wa Tabora ni mbao nzuri kwa kiti na kwa mlango, lakini kwa kazi hii hapana. Ni mzito, na randa ndogo haiuwezi pale omoni panapobana.

Kuchonga kunafuata vibao vya umbo vilivyokatwa kwenye plaiwudi ya milimita 3: kimoja cha omo, kimoja cha tezi, viwili vya katikati. Katikati ya Götzen ubavu umenyooka kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kazi nzito iko mwanzo na mwisho. Acha milimita 1 nje ya mstari na umalizie kwa msasa namba 120, kisha 240, uliozungushiwa kipande cha mbao. Ukishika msasa kwa vidole peke yake utachimba mabonde ambayo hayaonekani mpaka rangi ikipita.

Bati la ubavuni. Meli nzima ilipigwa ribiti, na ribiti za kweli kwa skeli hii ni ndogo kuliko punje ya chumvi. Ukiziweka moja moja zitaonekana kama vipele. Njia inayokubali ni selotepu ya alumini ya mafundi friji. Ikate vipande vya upana wa milimita 12, ilaze juu ya manila, halafu viringisha gurudumu la meno la saa mbovu kwa kufuata rula. Meno yenye nafasi ya milimita 1 yanalingana na sentimita 10 za meli halisi. Bonyeza upande wa karatasi ya nyuma ili vidoti vitokeze nje, kisha ndipo uondoe karatasi na kubandika. Anza tezi kuelekea omo, kila kipande kikipanda kidogo juu ya kilichotangulia. Mikono iwe imenawa, maana mafuta ya vidole hufanya rangi ibanduke.

Mizinga. Mzinga wa Königsberg ulikuwa wa kalibeli 40, yaani milimita 105 mara 40, mita 4.2. Kwenye mfano ni milimita 42. Spoki ya baiskeli ya milimita 2 inatosha: ifunge kwenye drili, izungushe polepole, na ipunguze mdomoni kwa tupa laini hadi milimita 1.6 hivi. Usikate kwanza ndipo uchonge. Kipande kifupi hutetemeka na kutoka upande. Sehemu ya nyuma inaongezwa unene kwa kuzungushia karatasi iliyopakwa gundi.

Ule bandia ni kijiti cha mwanzi cha kuchokolea meno, urefu uleule, kigingi kilekile.  Vyote viwili vinapakwa kijivu kimoja, na ukisimama hatua mbili hutambui kipi ni kipi. Ndivyo ilivyokuwa ziwani pia. Kule Bismarckburg, Kasanga ya leo, mizinga ya ngome ilikutwa nayo ni ya mbao, ilhali kikosi cha majini cha Waingereza kilikaa mbali kwa kuihofia na Wajerumani wakapata njia ya kuondoka.

Mimi. Hii na pacha wake Toutou zilikuwa za futi 40, kwa hiyo sentimita 12.2 kwenye mfano. Kipande kimoja cha mbao kinatosha. Mzinga wake wa kombora la ratili 3, milimita 47, una urefu wa milimita 20 kwenye skeli hii na unakaa omoni. Uelekeze mbele kabisa. Boti ilikuwa nyepesi mno kiasi kwamba kufyatua kwa pembeni kungeiumiza yenyewe, kwa hiyo mfano wenye mzinga uliogeuzwa ubavuni unapendeza lakini ni wa uongo. Boti hizi ziliikamata Kingani, meli ndogo ya Wajerumani, tarehe 26 Desemba 1915. Tarehe 9 Februari 1916 Mimi, pamoja na Kingani hiyo iliyokwisha kupewa jina la Fifi, ikaizamisha meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann. Götzen ilipopita siku ya pili yake kumtafuta mwenzake, Spicer-Simson, kamanda wa kikosi cha majini cha Waingereza, hakutoka kuifuata. Weka Mimi kando ya Götzen mezani uone sababu. Mzinga wa 105 ulifika kilomita 12, ambazo kwa skeli yetu ni mita 120.

Maji. Karatasi ya chooni inalazwa juu ya plaiwudi, inapakwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na mawimbi yanasukumwa kwa brashi. Mawimbi yawe madogo: milimita 5 hapa ni nusu mita. Bluu iliyokolea kwanza, kijani kidogo karibu na gati, vanishi ya maji mara tatu. Vanishi ya mafuta hugeuka njano na ziwa litakuwa kama chai.

Ndege ni Short 827 ya Wabelgiji, zile zilizoishambulia Kigoma kwa mabomu Juni 1916. Mabawa yake ni sentimita 16 na ushee. Itaning'inia kwa nailoni ya kuvulia ya milimita 0.2, upande wa magharibi wa gati, kwa sababu ilitokea ng'ambo ya Kongo.