Fito mbili juu ya dari: kudaka picha za setilaiti hapa Malindi

Julai 12, 2025
Leo nimepata sauti. Picha bado, ila sauti ya tiki-tiki yenye mluzi nyuma yake, kwenye masafa ya 137.1 MHz, ilianza kwa mbali, ikapanda, ikafifia. Ilikuwa NOAA-19, setilaiti ya Marekani ya hali ya hewa, ikipita. Vifaa vyangu ni vichache: kipokezi cha redio kinachochomekwa kwenye USB ya kompyuta, fito mbili za aluminiamu nilizong'oa kwenye antena ya TV iliyokufa, konekta ya fundi umeme, na mita kumi za waya wa antena. Kila fito ni sentimita 53 na nusu. Nimezifunga zikaachana kwa nyuzi 120, kama herufi V iliyolazwa, mdomo wake ukitazama kaskazini. Mama alipopanda darini akauliza kama hiyo ni ya kuanikia nguo.

Julai 14
Picha! Kijivu, ina michirizi, na sikuielewa hata kidogo. Nikaona kisiwa kirefu juu kabisa ambacho sikukijua. Nilihangaika robo saa nzima kabla ya kugeuza kompyuta kichwa chini: Madagaska. Setilaiti ilikuwa inatoka kusini kwenda kaskazini, na programu huchora mstari ulioingia kwanza juu ya mingine yote. Kusini kukawa juu.

Hapo ndipo nilipofahamu picha hizi zinavyotengenezwa. Hakuna kamera inayopiga picha mara moja. Kuna kioo kinachozunguka na kuisoma dunia mstari mmoja, kutoka upande hadi upande, na kioo kinaporudi, setilaiti imeshasogea mbele, kwa hiyo mstari unaofuata ni wa mahali pengine. Ni kama ukili: unashonwa safu kwa safu mpaka unapata mkeka. NOAA hutuma mistari miwili kila sekunde, papo hapo, kwa yeyote mwenye antena. Ile tiki-tiki niliyoisikia ndiyo mistari yenyewe.

Julai 20
Nimekosa pasi mbili, yaani mara mbili setilaiti imepita nisiidake, moja kwa sababu ya umeme, moja kwa uzembe wangu. Na hapa ukikosa, umekosa kweli. Hizi setilaiti hupita karibu na ncha zote mbili za dunia, mzunguko mmoja dakika kama 101. Wakati huo dunia nayo imegeuka nyuzi 25 hivi, ambazo huku kwetu karibu na ikweta ni takriban kilomita 2,800. Yaani ikipita juu ya utosi wangu sasa, zamu ijayo iko magharibi mwa Kongo. Kwa walioko kaskazini mwa Ulaya njia hizo hukaribiana, wanapata pasi nyingi kwa siku. Mimi napata moja nzuri mchana, moja usiku, na nyingine za kuchungulia ukingoni mwa minazi.

Binamu yangu aliniuliza kwa nini isianguke, au huko juu hakuna mvutano? Upo. Kwenye kilomita 820 mvutano bado ni kama asilimia 78 ya huu wa hapa chini. Na inaanguka kweli, mita 3.9 hivi kila sekunde. Ila katika sekunde hiyohiyo imekwenda mbele karibu kilomita 7.4, na duara la njia yake limepinda kwa kiasi kilekile ilichoanguka. Kwa mwendo huo, kutoka juu ya Malindi hadi juu ya Mombasa ni chini ya sekunde 20. Matatu inachukua saa mbili, dereva akiwa mwema.

Agosti 20
Kimya. NOAA-19 ilizimwa Agosti 13, na jana NOAA-15, iliyorushwa Mei 1998. Mwezi mmoja tu wa raha! Sina wa kumlaumu, vyombo vilikuwa vizee. Zimebaki Meteor za Urusi, M2-3 na M2-4. Hizo hutuma kidijitali, na kitone kimoja cha picha ni kilomita moja badala ya nne.

Septemba 7
Pasi ya sita ya Meteor, picha hakuna. NOAA ilikuwa na huruma: ishara ikidhoofika unapata michirizi lakini pwani unaiona. Dijitali ni ama ipo ama haipo. Nimebadilisha waya, nimekata ncha upya, nimesogeza antena mbali na mabati. Wapi.

Septemba 21
Mchawi nimempata. Ni taa ya LED ya ngazini. Nikiiwasha, sakafu ya kelele kwenye skrini, yaani kiwango cha makelele ya redio yanayofunika ishara, inapanda yote, kama maji ya bamvua. Taa moja ya bei rahisi inazima chombo kilichoko kilomita 820 juu! Nimeizima, na ile pasi ya mchana ikaingia: mistari ikateremka, mawingu, kisha Ziwa Viktoria, kisha pwani yetu yote kutoka Somalia hadi Msumbiji. Upana wa picha ni kilomita 2,800 hivi.

Rangi zake si za macho. Chombo hicho kina njia sita, yaani aina sita za mwanga kinazosoma, nyingine za infraredi isiyoonekana kwa macho, na hutuma tatu kwa wakati mmoja. Programu ndiyo inayochagua ipi iwe nyekundu, ipi kijani. Za usiku huonyesha joto, na wingu lenye kilele cha baridi sana huchorwa jeupe.

Septemba 28
Nimempelekea picha jirani yetu, nahodha mstaafu. Akaitazama muda mrefu, akafuata pwani kwa kidole: Ngomeni, Kipini, Lamu. Akanikumbusha kwamba alikuwa mtoto Waitaliano waliporusha setilaiti ya Uhuru kutoka jukwaa lao hapo Ngomeni, Desemba 12, 1970, sikukuu ya uhuru yenyewe, ndiyo maana ya jina.

"Na jahazi langu liko wapi?"

Nikamwambia kitone kimoja ni kilomita nzima, mjomba, jahazi halionekani.

"Basi hiyo kazi hujaimaliza, mwanangu."

Nimeanza kuulizia dishi kuukuu la TV. Kwa masafa ya 1.7 GHz litanipa njia zote sita, ingawa kitone kitabaki kilomita ileile. Hilo bado sijamwambia.