Majirani wa Neno, Nakuru Hadi Kisumu

Matatu ya Kisumu ilijaa saa moja na nusu asubuhi, tukatoka Nakuru abiria 14 na mizigo isiyo na hesabu. Nilikuwa na binti wa kaka yangu, aliyekuja kutoka Mombasa kukaa nami likizo nzima. Yuko kidato cha nne. Begi lake lilikuwa na karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, na mkononi hakuachi simu yenye kamusi ndani. Kila akikutana na neno geni hulitoa kwenye sentensi yake likiwa peke yake, akaliandika kwenye simu, akasoma maana ya kwanza inayojitokeza, akaendelea. Nimemwona akifanya hivyo wiki nzima, na wiki nzima lilinikera, kwa sababu nimesahihisha maelfu ya majibu ya watoto waliosoma namna hiyo.

Tulikuwa tunakwenda kuhani. Mwalimu mwenzangu, niliyefundisha naye Kiswahili shule moja kwa miaka 11, alikuwa amefiwa na mamake. Maziko yalipita nikiwa nimefungwa na kazi, na deni hilo lilinikaa rohoni.

Mzee mmoja aliyeketi nasi kiti kimoja aliuliza tunaelekea wapi.

"Kisumu, baba. Tunakwenda kuhani."

Alifikiri kidogo. "Kuhani wa kanisa gani?"

Binti alikuwa ameshaandika. Akaninong'oneza: "Shangazi, simu nayo inasema ni kasisi."

Mzee hakukosea, wala simu haikukosea. Katika Biblia yake kuhani ni Haruni na wanawe. Sisi wa pwani tuna kuhani mwingine, kitenzi, na kwa sauti hawa wawili hawaachani hata kidogo. Sikumfafanulia mzee. Nilimwambia tu: "Rafiki yangu amefiwa na mamake. Maziko hatukuyawahi, ndiyo leo tunakwenda kumhani."

"Aa! Kupeleka rambirambi," akasema. "Poleni sana, mama."

Nikamgeukia binti. "Nani amemweleza maana?"

Alinyamaza, kisha akasema polepole: "Amefiwa. Maziko."

"Na nini tena?"

Hilo la tatu lilimchukua mpaka tukakaribia Salgaa. Nilimwacha atafute mwenyewe. "Ku-m-hani," akasema hatimaye. "Umeweka *m*. Kasisi hawezi kuwekwa *m* katikati." Nilifurahi kuliko ninavyofurahi mwanafunzi anapopata alama zote, kwa sababu hili hakulitoa popote ila kwenye lugha yake mwenyewe. Kiswahili kinamsaidia msikilizaji mno. Kiambishi kimoja kinakwambia kama neno ni jina au tendo, upatanisho unakwambia kama ni mtu au kitu, na watoto wetu tunawafundisha ngeli kana kwamba ni adhabu.

Mbele kidogo makanga alipaza sauti: "Masanse wako hapo mbele, kila mtu afunge mshipi! Mama, hilo gunia litoke njiani!"

Masanse sikuwa nimelisikia kamwe. Nimezeeka, na lugha ya vijana inabadilika kila msimu. Lakini nilikuwa nimemsikiliza makanga yule tangu stejini. Kwake magari "ziko", mifuko "ziko", pesa "ziko". Upatanisho si jambo linalomsumbua. Kwa masanse alisema "wako". Basi ni viumbe wenye uhai. Na viumbe gani wanaofanya watu 14 wafunge mishipi kwa pamoja na gunia liondolewe mlangoni?

"Ni polisi," nikamwambia binti.

Alishangaa. "Shangazi, umejuaje sanse?"

Tulipopita kizuizi nilimweleza, na kuanzia hapo simu ikaingia begini bila mimi kuiamuru.

Mau Summit kuna baridi hata jua likiwaka. Hapo barabara ya Kericho inaiacha ile ya Eldoret, na msongamano wa malori unapungua. Nilimwambia atoe kifungu kimoja cha ufahamu, cha zoezi nililomwandikia mimi mwenyewe. Kilikuwa na sentensi hii: *Waliporudi baada ya mafuriko walikuta mahame: milango imeng'oka, kuta zimelala, na majani yameota mpaka jikoni.* Aliwahi kupigia mstari chini ya "mahame" na pembeni akaandika "sijui".

"Sasa soma kinachofuata nukta mbili," nikamwambia.

Akasoma. "Ni mahali palipoharibika?"

"Ungeandika hivyo ningekupa nusu ya alama. Tazama neno lenyewe. Linafanana na kitenzi gani?"

"Hama." Akacheka. "Watu walihama. Mahame ni pale walipohama, pakabaki mahali pasipo watu."

Hapa kuna jambo linaloniuma. Karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, ina alama 80. Ufahamu una 15, na mara nyingi swali la mwisho humtaka mtahiniwa aeleze maana ya maneno *kama yalivyotumiwa* katika taarifa. Hayo mawili, *kama yalivyotumiwa*, ndiyo swali lenyewe. Mtoto aliyekariri kwamba kaa ni mnyama wa baharini atajibu hivyo hata kama taarifa inazungumzia jiko na moto. Hakukosa kusoma. Amefundishwa kwamba neno lina maana yake moja, imewekwa mahali, na kazi yake ni kuikumbuka. Wazazi wananiuliza wamnunulie mtoto kamusi gani. Kamusi ninaipenda, ninayo iliyochakaa kurasa, lakini ninaifungua baada ya kukisia, kwenda kuhakikisha kama nilikisia sawa. Mtu akiifungua kabla, akili yake haijafanya kazi yoyote, na neno humtoka kesho yake.

Kericho matatu ilisimama kushusha na kupakia. Majani ya chai yameenea pande zote, yamekatwa juu sawasawa mpaka macho yanapoishia. Mama mmoja mwenye chupa ya chai na vikombe alikuja dirishani petu, akamnyooshea binti kikombe na kusema, "Chamgei."

Binti akapokea, akanigeukia kwa furaha. "Chamgei ni chai."

Nilisema labda. Alikuwa na sababu mbili nzuri: kikombe kilikuwa mkononi na sauti zilianza sawa. Ndizo sababu zinazodanganya kuliko zote. Lakini sikutaka kumsahihisha, kwa kuwa Kericho yenyewe ingemsahihisha. Hazikupita dakika mbili. Kijana mmoja alipita, hanunui chochote, hana kikombe, yule mama akamwita, "Chamgei!" Kijana akajibu, "Chamgei mising," akaenda zake.

Nilimwona binti akiishusha ile chai taratibu. "Si chai," akasema. "Ni salamu. Alikuwa ananisalimia, nami sikumwitikia." Aliona haya kweli, akampungia yule mama mkono na kusema "Chamgei mising" kama alivyosikia. Mama akafurahi, akamwongezea chai bila malipo. Nilipomlipa alisema, "Kongoi mising."

Kongoi lilikuwa jepesi, pesa ndizo zilizolieleza. Lililomshughulisha binti ni mising. Tuliiacha Kericho, tukapita Kapsoit, barabara ikaanza kuteremka, naye bado ananing'inia hapo. Mising ilifuata salamu. Mising ilifuata asante. Ni kitu gani kinachoweza kuifuata salamu na kikaifuata asante vilevile?

"Sana," akasema. "Salama sana. Asante sana."

Mzee wetu, ambaye nilidhani amelala, akafungua jicho moja. "Ndiyo hiyo. Mising ni sana." Kumbe yeye ni Mkipsigis, lugha hiyo ni yake, na alikuwa akitusikiliza muda wote. Alishuka mbele kidogo, binti akamsaidia mkoba, akamwambia kongoi mising, naye akamwekea mkono kichwani.

Ningependa kila mwalimu alione jambo hili. Neno likisikika mahali pamoja linakupa dhana tu. Likisikika mahali pawili pasipofanana, dhana nyingi zinaanguka zenyewe na chache zinasalia. Chamgei ya kwanza ilimpoteza, ya pili ikamrudisha. Wala hakuna aliyemtafsiria.

Kuanzia Awasi joto liliingia. Ahero mashamba ya mpunga yamelala tambarare, kuliani milima ya Nandi imesimama kama ukuta, na watu wanavua masweta. Kisumu tulifika adhuhuri.

Mkobani tulikuwa na sukari na unga, lakini nilitaka na samaki, basi tukachukua tuktuk mpaka Dunga, ufuoni mwa ziwa. Kuna mashua zimevutwa nchi kavu, mafunjo yamesimama majini, na akina mama wamepanga samaki juu ya meza. Tulisimama nyuma ya wanunuzi wengine. Wa kwanza alisema, "Adwaro ngege," akapewa samaki wa ukubwa wa kiganja, mwenye magamba. Wa pili akasema, "Adwaro mbuta," na mama akakata kipande kutoka kwa samaki mkubwa mwenye mgongo wa fedha. Mtoto mdogo akaja na chupa tupu: "Adwaro pi." Akajaziwa maji.

Binti hakuniuliza. Zamu yetu ilipofika alisema, "Adwaro ngege," kwa sauti iliyotetemeka kidogo, na akapewa ngege. Sijui kama kuna darasa la msamiati lingeweza kumpa neno "nataka" kwa uhakika ule. Vitu vitatu vimebadilika, neno moja limebaki.

Mvuvi mmoja mtu mzima aliyekuwa akishona wavu aliongea nasi kwa Kiswahili. "Zamani hapa fulu walijaa, watoto wanawavua kwa chandarua. Mbuta alipoletwa akawamaliza. Siku hizi tunawaona kidogo tu."

Tulipoondoka nilimuuliza binti fulu ni nini. Samaki, alisema, tena mdogo, kwa sababu chandarua kinamkamata. Tena mnyonge, kwa sababu mbuta anamla. Yote aliyoyasema ni kweli. Mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi sana za hao samaki wadogo zilitoweka. Sentensi tatu za mvuvi zilikuwa na historia ya ziwa ndani yake, na mtoto aliisoma kupitia neno asilolijua.

Ufuoni mawe yana utelezi. Binti aliteleza, akapiga goti. Mama wa samaki akasema kwa haraka, "Mos!" na wenzake wakaitikia, "Mos, mos." Nilimfuta damu. Akasema kwa uchungu, "Wananiambia niangalie, na nimeshaanguka."

Sikujua kama amepata au amekosa. Miaka yote hii nimekaa na rafiki yangu Mjaluo, na Kijaluo changu ni cha salamu na chakula tu.

Tulikaa pale kidogo goti litulie. Wanaume wawili walipita wamebeba kreti ya samaki, mmoja mbele na mwingine nyuma, na wa nyuma akawa anasema, "Mos, mos, mos," na wa mbele akazidi kupunguza hatua. Binti alisahau goti. Alitazama wale watu mpaka wakaitua kreti.

"Shangazi," akasema. "Yule hajaumia, anaambiwa mos. Mimi nimeumia, nimeambiwa mos. Yule ni polepole." Kisha akashika mkono wangu. "Na mimi ni pole!"

Nilikaa kimya. Kijaluo ni lugha ya Kiniloti, Kiswahili ni Kibantu. Si ndugu hata kidogo. Na bado lugha zote mbili zimeona kwamba aliyeumia na aliyebeba mzigo wanahitaji neno moja. Nimefundisha "pole" na "polepole" miaka zaidi ya 20 na sikuwahi kusimama hapo. Nilisimamishwa na mtoto mwenye goti lililochunika.

Nilimwachia mama wa samaki chenji. "Erokamano ahinya," akasema, na binti akanitazama akitabasamu. "Hilo la mwisho ndilo mising lao," akasema. Sikumjibu, nilimwambia tu asikilize tena. Dereva wa tuktuk alipoulizwa na mwenzake kuhusu kazi, alijibu, "Ber ahinya," na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye siku njema.

Nyumbani kwa rafiki yangu viti bado vilikuwa nje chini ya mwembe. Tulikumbatiana bila kusema, tukalia wote wawili. Alikonda. Alinionyesha picha ya mamake ukutani, nikamwambia niliyokuwa nimeyabeba tangu siku ya msiba. Binti alisimama mlangoni na mfuko wa samaki, akingojea. Nilidhani atasema shikamoo, kama nilivyomlea.

Alikuja, akapiga goti lile lililoumia, akamshika mwenyeji wetu mkono kwa mikono miwili.

"Mos ahinya, mama."

Hakuna aliyemwambia kwamba maneno yale mawili yanakaa pamoja. Rafiki yangu aliinua uso, akanitazama, akamtazama mtoto. Mkono alikuwa hajauachia.

"Erokamano, nyathina," akasema. "Erokamano ahinya."

Tulipoketi, chai ikimiminwa, binti alinisogelea sikioni. "Shangazi, nyathina. Ile *na* ya mwisho, yaweza kuwa ndiyo 'wangu'?"