Kanga huyu, kanga hii: nilivyotengeneza kitabu cha wanyama cha kurasa 16

Kitabu hiki ni cha watoto wa miaka 3 hadi 6, na mchezo wake ni mmoja tu: jina la mnyama ambalo pia ni jina la kitu. Tembo nilimwacha mapema, kwa kuwa tembo wa pili ni pombe ya mnazi. Kima naye nikamwacha, maana kima ya pili, ile ya kula, watoto wengi wa Dar es Salaam nyumbani huisikia ikiitwa "nyama ya kusaga". Walibaki sita: ndege, kanga, tai, taa, mbuzi na kaa.

Kila mstari una mizani 8, yaani silabi 8, ili uimbike hata na mtu asiye na sauti. Swali ni "Kanga amevaa nini?" na jibu ni "Kanga amevaa kanga." Vivyo hivyo: ndege amepanda ndege, tai amefunga tai, taa ameshika taa, mbuzi kakalia mbuzi, kaa kakalia kaa. Ukiongeza wanyama wako, hesabu kwa kupiga makofi, na uwe mwangalifu na majina mafupi: mbwa, nzi na nge yana mizani 2 kila moja, kwa sababu sauti ya mwanzo hujitegemea. Mbuzi nayo ni 2, si 3.

Utamu wenyewe uko kwenye mstari wa pili wa jibu: "Kanga huyu, kanga hii." Nao ni mizani 8. Jina halibadiliki, ila upatanisho unamtenga mwenye uhai na kisicho na uhai. Mtoto wa Kipawa, Dar es Salaam, anayeona ndege zikishuka uwanja wa ndege anajua tayari kwamba njiwa hawasemewi "zikishuka". Kitabu kinampa nafasi ya kuchezea anachokijua. Wanaokosea ni sisi wakubwa. Tumezoea "kaka yangu" na "rafiki yangu", kisha tunateleza na kusema "mbuzi yangu imepotea" wakati aliyepotea ana pembe. Msomee mtu mwingine rasimu yako kwa sauti kabla ya kuchora.

Kaa awe wa mwisho. Baada ya "hii" mara tano, mtoto atasema "kaa hii", na ukurasa utamjibu "kaa hili", kwa kuwa wingi wake ni makaa. Hapo ndipo watoto hucheka na kudai urudie. Chora kaa jeusi lililozimika; likiwa jekundu, mdogo wa miaka 3 atamlilia kaa anayeungua.

Swali likae ukurasa wa kulia, jibu nyuma yake. Ukiyaweka yakitazamana, jicho la mtoto linaliwahi jibu na fumbo limekufa. Kwa hiyo maswali yako kurasa za 3, 5, 7, 9, 11 na 13. Msomaji akifika swali aseme "Kitendawili!" na asifungue mpaka asikie "Tega!"

Karatasi ni 4 za A4, zikunjwe katikati. Namba zinazokaa upande mmoja wa karatasi sharti zijumlishe 17: 16 na 1, nyuma yake 2 na 15, halafu 14 na 3, nyuma 4 na 13, 12 na 5, nyuma 6 na 11, 10 na 7, nyuma 8 na 9. Mwambie wa fotokopi ageuzie upande mfupi, la sivyo nusu ya wanyama watasimama kichwa chini. Acha sentimita 1 pembeni, mashine nyingi hula ukingo. Maka hupenya karatasi ya gramu 80 na kuchafua jibu la nyuma. Tumia kalamu nyeusi na rangi za penseli.

Mbuzi ya nazi ichorwe na ulimi wake wa chuma wenye meno, kwani watoto wa nyumba zinazotumia blenda huenda hawajaiona. Kanga nguo iwe na pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yake). Mimi niliandika "Madoa yangu, urembo wangu". Taa samaki ni bapa mwenye mkia mwembamba. Wengi humchora kama chewa, na mtoto hamtambui.

Jalada ni manila. Kama huna stepla ndefu, fungua ya kawaida, weka mkunjo juu ya kandambili, piga pini 2, kisha laza miguu yake kwa mgongo wa kijiko. Kwa wanaotia vitu mdomoni, shona: matundu 3, uzi uanzie ndani tundu la kati, utoke, uingie la juu, utoke la chini, urudi la kati, ufungwe. Kurasa za katikati zitachomoza kidogo. Zikate kwa wembe na rula ya chuma.

Ukurasa wa 15 una paka mwenye brashi na swali: "Paka anapaka nini?" Wa 16 uache mweupe, na penseli ya mtoto iwe karibu.