Kidole kidogo cha mguu kiliniangusha mara mbili

Nianze na jiwe. Hapa Goma kila parseli, yaani kiwanja cha mtu, iko na mawe yake, yale meusi ya volkano yenye vitobo vitobo na makali, unachimba choo unayakuta, unasawazisha uwanja unayakuta, na sisi tunakaa Mabanga, na mabanga kwa Kilingala ni mawe, basi mjionee wenyewe. Hili letu mzee wangu alilitoa mjini kwenye lava ya Januari 2002, akalileta na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, pamoja na mengine ya msingi wa nyumba, likabaki. Kazi yake leo ni kushikilia mlango wa nyuma ili upepo wa ziwa usiupigize.

Sasa ile Jumamosi asubuhi maji yalikuwa yametoka, na mkaaji wa Goma anajua maji yakitoka hauulizi saa, unabeba tu. Niko miguu wazi, bidoni ya lita 20 mkono wa kuume, naingia haraka, kidole kidogo cha mguu wa kushoto kikaenda kwenye jiwe. Ko! Hata mtoto aliisikia toka saloni. Nikaweka bidoni chini polepole bila kumwaga hata tone (nilijisifu kwa hilo, sijui ju ya nini), nikainama nikaangalia, kucha imeinuka kidogo, damu kijiko kimoja hata hakijai. Binti yangu anacheka. Na mimi nikacheka, nikamwambia si kitu mama, yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Dakika moja hivi imepita, niko nimesimama nimeegemea ukuta, maumivu yenyewe yameanza kushuka, mtoto ananiambia, "Papa, mbona unapiga miayo?" Kweli nilikuwa napiga miayo, moja baada ya ingine, kama mtu wa saa sita ya usiku. Halafu jasho, lakini jasho la baridi, shingoni na juu ya mdomo. Tumbo likageuka. Masikio yakaanza kulia sawa redio imepoteza stasyo, na macho yakawa yanafunga toka pembeni kuja katikati, rangi zinaondoka, kitenge cha mama watoto kilikuwa cha manjano nikakiona cha majivu. Nilitaka kusema nileteeni kiti. Sijui kama nilisema.

Nilichokiona kisha ni mbao za dari. Nikajiuliza nani amezipandisha mbali vile. Na niwaambie ukweli, ulikuwa usingizi mtamu, niliota kitu kirefu chenye njia na watu wengi, kumbe wanasema hata nusu dakika haikufika.

Ndani ya huo muda parseli ilikuwa imejaa. Mama watoto alipiga kelele moja tu, ilitosha. Mmoja anasema kifafa, ju ameona mikono yangu ikitikisika. Mwingine anasema karuho, yaani sumu, anauliza jana usiku nilikula kwa nani, na kuna mama mmoja alikuwa tayari anakuja mbio na kikombe cha maziwa, unajua huku kwetu mtu akianguka tu, watu wanawaza sumu kwanza, jiwe baadaye. Vijana wawili wakanishika kwapani wakanikalisha kwenye kiti cha plastiki, "mwinueni kichwa apate hewa!" Nikasikia masikio yanaanza tena ile redio. Nikaondoka mara ya pili, nikiwa nimeketi kiti kama mheshimiwa.

Njo akaingia jirani wetu wa ng'ambo ya barabara, ni anfirmiye, muuguzi, alikuwa anafua, mikono iko na povu bado. "Mlazeni chini! Nani amewaambia mumkalishe?" Wakanilaza kwenye sementi, akavuta ile bidoni yangu akailaza, akaweka miguu yangu juu yake, akafungua mkanda na vifungo vya shati, akafukuza nusu ya watu mlangoni. Maziwa akayakataa, mtu hajaamka vizuri usimnyweshe kitu, kitaenda kwenye mapafu. Dakika mbili hivi rangi ikarudi. Akapima tansyo, presha ya damu: 8 kwa 5, yaani 80 kwa 50. Baada ya nusu saa, bado nimelala, ikawa 11 kwa 7 (110 kwa 70), na nikaanza kuona haya, ikawa dalili kwamba nimepona.

Ju haya zilikuwepo. Mwanaume na ndevu zake, anabeba saruji, anaanguka kwa ajili ya kidole kidogo, na si hata kidole gumba! Lakini yule mama anfirmiye alinieleza vizuri na tangu hapo nawaeleza wengine. Kuna neva moja ndefu inatoka kwenye ubongo, inapita shingoni, inafika kwenye moyo na inaendelea mpaka tumboni, inaitwa vagasi, jina la Kilatini lenye maana ya mzururaji. Kazi yake moja ni kupunguza mbio za moyo. Sasa maumivu ya ghafla, ao kuona damu, ao sindano, ao kusimama sana kwenye jua, vinaweza kuiamsha kupita kiasi. Moyo unaenda polepole, na wakati uleule mishipa ya damu inalegea, ya miguu hasa, damu inashuka inakaa huko chini. Ubongo uko juu kabisa, ukikosa damu ya kutosha sekunde chache tu unazima. Tumbo kugeuka na jasho, ni sehemu ya mambo hayohayo. Hakuna ushujaa unaoingia hapo, neva haikuulizi una ndevu ao hauna.

Kitu chenye kilinishangaza zaidi: kule kuanguka ndiyo dawa. Ukilala, kichwa na moyo viko sawasawa, damu haipandi tena mlima, inafika. Kwa hiyo wale vijana, kwa upendo wao wote, walipoinua kichwa changu walinyima ubongo kile mwili ulikuwa umeshautafutia. Sikuwalaumu. Hata mimi ningefanya vile, nilishafanya vile kwa watu kanisani, tena na kipepeo cha karatasi.

Kuhusu mikono kutikisika, alisema inaweza kutokea hata pasipo kifafa, kidogo tu, sekunde chache. Wa kifafa kwa kawaida anachukua muda mrefu kurudi kwenye akili yake, mimi nilipofungua macho nilijua niko wapi, nilijua hata bidoni ya nani. Lakini hakuniacha hivihivi, aliniuliza maswali: ulisikia moyo unaruka ruka? kifua kinauma? ulishawahi kuanguka ukiwa unakimbia, ao ukiwa umelala, ao bila dalili yoyote? kuna ndugu alikufa ghafla bado kijana? Angesikia ndiyo hata moja angenituma hospitali siku ileile wanipime moyo. Akapapasa pia kichwa changu, kama kuna uvimbe, ju watu wengi katika mambo haya sementi ndiyo inawaumiza.

Nilipomwambia mzee wangu kwa simu, akanyamaza, halafu akakubali kwamba na yeye zamani kwenye chanjo ya shule aliangukia mwalimu. Miaka yote hiyo hakutuambia! Kumbe inaweza kufuatana kwenye familia.

Yule jirani alinifundisha na ujanja mmoja: ukisikia miayo na lile jasho, kama hauwezi kulala palepale, pishanisha miguu, kaza mapaja na matako, funga ngumi kwa nguvu. Misuli inasukuma damu irudi juu.

Kucha ikawa nyeusi, wiki kadhaa ikabaki inaning'inia upande mmoja, inashika soksi. Juzi nikamwita jirani aje aitoe, akaja na mkasi wake na ile sura yake ya kufua. Alipogeuka kunitafuta nilikuwa tayari nimelala kwenye sementi, miguu juu ya bidoni, ngumi nimefunga, na binti yangu amelala pembeni miguu juu vilevile, anauliza kama na yeye tutamtoa kucha.