Kituo Kisichopitiwa na Basi

Dereva wa teksi aliniuliza naelekea wapi, nikamjibu Ubungo, nakwenda kupanda basi la Lushoto. Akacheka mpaka akapunguza mwendo. "Kaka, ulikuwa umefungwa? Stendi ilishahamia Mbezi." Ilihamia 2021. Mimi niliondoka Septemba 2019 nikiwa nimeaga kwa mwaka mmoja tu, na hiyo siku ya teksi ilikuwa Julai 2024.

Tangu nifike, watu wananiuliza maswali mawili: umetuletea nini, na huko ulikuwa unafanya kazi gani. La kwanza ni rahisi, chokoleti, na ziliyeyuka kabla ya Chalinze. La pili nimekuwa nikilikwepa. Jaribu wewe kusema mbele ya wajomba wa Kisambaa kwamba miaka yote hiyo ulikuwa unawaogesha mabibi wa Kijerumani na kuwabadilisha nepi.

Basi nalijibu hapa, mara moja.

Nilikwenda Bielefeld, Ujerumani, kujitolea, kupitia kanisa. Udugu wa Usambara na mji ule ni wa siku nyingi. Bethel ni sehemu ya Bielefeld, na wamisionari wa shirika lililokuja kuitwa Misheni ya Bethel ndio waliofungua kituo cha misheni Mlalo, huko kwetu, mwaka 1891. Zamani kijana wa Kijerumani aliyekataa kushika bunduki alipelekwa kutumikia hospitalini au kwenye nyumba za wazee. Mwaka 2011 walipoacha kuwalazimisha vijana kwenda jeshini, mikono hiyo ikakosekana, ndipo wakaanzisha mpango wa kujitolea ulio wazi kwa kila mtu. Anayeuingia wanamwita Bufdi. Unapewa mahali pa kulala, chakula na posho ya mfukoni. Ukishatuma kidogo nyumbani, wiki ya mwisho ya mwezi unakula makaroni na chumvi.

Wajerumani wana utani wao, tangu 1994, kwamba Bielefeld haipo, ni mji wa kutungwa. Mwaka ule ule nilipofika, mji wenyewe ulitangaza zawadi ya euro milioni moja kwa atakayethibitisha kuwa kweli haupo. Hakuna aliyeipata. Ilipofika Desemba, jua linazama saa kumi na robo, nikaona ningeweza kuishindania.

Wengi hudhani ugenini mtu anakonda kwa kukosa chakula cha kwao. Mimi kilichoniangusha ni chakula nilichokijua. Siku ya tatu nilipewa mkate mweusi na jibini, nikauma, nikajikuta niko Irente kwenye nyasi, maana sisi watoto wa Lushoto mkate huo na jibini hiyo tunavijua kwa sababu vinatengenezwa kwetu. Nililia mbele ya friji ya wafanyakazi. Mpishi akadhani mkate umeoza.

Kwenye bustani ya nyumba ile kulikuwa na kituo cha basi. Nguzo, alama ya duara ya kijani na manjano, ratiba iliyochapwa, benchi. Basi lenyewe halikupita hata siku moja, na barabara haikuwapo. Kilijengwa kwa ajili ya wazee waliopoteza kumbukumbu, wale ambao kila mara wanataka kutoroka kurudi kwao. Badala ya kuwafungia mlango, unawaacha waende kituoni. Kule kwenyewe watu wanabishana, wengine wanasema ni kuwadanganya wazee. Mimi pia mwanzoni kiliniudhi.

Kulikuwa na mama mmoja, nitamwita Mama wa Breslau. Alizaliwa huko, na tangu 1945 mji huo ni wa Poland na unaitwa Wrocław. Kila saa nne asubuhi alikuwa tayari, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba mkononi, anakwenda kwao. Mara ya kwanza nilimweleza kwa Kijerumani changu cha kuungaunga kwamba hapa ndipo nyumbani. Alinipiga na mkoba. Muuguzi mkubwa akaniita pembeni: usimbishie, kaa naye, muulize huko kwao wanapika nini. Nikakaa. Alinisimulia keki za mbegu za mpopi, na baba yake aliyekuwa akirudi jioni ananuka makaa ya mawe. Baada ya nusu saa baridi ikampata, akasema, "Halijaja. Twende tukanywe kahawa." Tulifanya hivyo karibu mwaka mzima.

Mzee wa chumba cha jirani hakutaka mikono yangu myeusi imguse. Nikawa namwekea chai mlangoni. Hilo sina la kuliongeza.

Machi 2020 nyumba za wazee zikafungwa, wageni marufuku. Watoto wao wakawa wanapunga mikono nje ya dirisha, nami ndani nimeshika tableti. Mwaka ulipoisha sikuweza kuwaacha. Nikaongeza miezi, kisha nikasomea uuguzi wa wazee miaka mitatu. Na usiku, zamu ikiisha, nilikuwa nakwenda kukaa kwenye kituo kile mwenyewe.

Nimefika kwetu Magamba nikamkuta bibi amekuwa kama wale wazee wangu. Kiswahili kimemtoka, amebaki na Kisambaa. Alikuwa akiniita "mume wangu". Safari hii alinipa mkono kwa heshima, akanikaribisha mgeni. Aliyekuwa akimlea muda wote ni mdogo wangu wa kike. Alifunga kibanda chake cha cherehani, na hakuna aliyempa posho. Mimi nina cheti chenye muhuri, yeye ana mgongo unaouma.

"Kaka, wewe kaa sebuleni," aliniambia siku ya kwanza nilipotaka kumwogesha bibi. Nikakaa. Wiki ya pili alikubali nimwonyeshe namna ya kumgeuza mgonjwa kwa kanga iliyotandikwa chini yake, bila kumbeba. Naye akanionyesha kwamba bibi hanywi maji mpaka wewe uyaonje kwanza. Hiyo sikuifundishwa popote.

Juzi bibi alisimama, akajifunga kanga ya pili, akasema anakwenda nyumbani, Mlalo. Aliolewa akatoka huko kabla baba hajazaliwa. Mdogo wangu alipoanza, "Bibi, hapa ndipo…" nikamkonyeza. Tukatoka, mimi na bibi, mpaka barabarani, tukakaa juu ya gogo. Nikamuuliza kwao wanapika nini. Akaanza kunieleza.

Nilichosahau ni kwamba hapa mabasi yanapita kweli. Coaster ilitokeza kwenye kona, ikafunga breki mbele yetu, konda akaruka chini: "Mlalo, Mlalo, bibi twende, siti zipo!"

Bibi akalitazama lile gari, kuanzia mbele mpaka nyuma.

"Limejaa," akasema, akaendelea na habari za makande.