Sawa, mwalimu

Usingizi umenikataa tena. Mama anaendelea vizuri, msihofu. Kinachonikesha ni neno moja.

Mama anaumwa tezi ya shingo. Basi Jumanne kameza dawa yake, iodini yenye mionzi, kidonge kimoja tu, tukarudi naye. Kawekwa chumba cha nyuma, na sahani yake, na kikombe chake cha bati, na Neema kakatazwa kabisa kumpanda bibi mapajani. Jioni akaniita nje ya mlango:

"Si ndiyo haya madini joto ya kwenye chumvi? Nimekula chumvi miaka 68, mbona hamkunikimbia?"

Angeuliza mtoto wa kidato cha pili, ningeliambia darasa zima limpigie makofi. Mimi nikamjibu, "Mama, hii ni isotopu nyingine. Wamepishana neutroni, wewe hutaelewa."

Kimya. Halafu: "Sawa, mwalimu."

Mama hajawahi kuniita mwalimu. Mimi ni mwanangu, ni Mama Neema, na nikimuudhi ni "wewe binti". Wiki hii shemeji kahamishiwa Songea na mimi nimepewa ukuu wa idara, lakini naosha vyombo naisikia, nasahihisha madaftari naisikia. Sawa, mwalimu.

Na yangekuwa maneno ya dakika mbili! Iodini yoyote ina protoni 53 kwenye kiini cha atomu yake; ikipungua au ikizidi hata moja, hiyo si iodini tena. Ya kwenye chumvi ina neutroni 74 humo kiinini, nayo imetulia tuli. Ya kidonge ina 78; kupishana huko kwa neutroni tu ndiko kunakoifanya isotopu nyingine. Hizo nne za ziada ndizo zinazoinyima utulivu: neutroni moja hugeuka protoni, mionzi ikachomoka, na iliyokuwa iodini ikawa zenoni. Kila baada ya siku 8 iliyobaki ni nusu. Tezi yenyewe haina habari, maana elektroni za zote mbili ni 53, na kwake zote ni chakula. Ndiyo maana alinyimwa chumvi hiyo na samaki wa baharini wiki mbili kabla, ili tezi ishikwe na njaa.

Leo mchana nikachukua kigoda, nikakaa mlangoni, nikamweleza yote. Alikuwa anasuka ukili, hakuinua macho. Nilipomaliza akasema:

"Kumbe ni Kulwa na Doto. Tezi imemfungulia Doto mlango ikidhani ni Kulwa."

"Ehee, Mama!"

"Na Doto kaja na kiberiti."

Nimecheka mpaka Neema akaja mbio, nikamdaka koridoni. Kulwa na Doto wanaingia darasani Jumatatu, na sitasema nimewatoa wapi.

"Huyo mtoto nitampakata lini, mwanangu?" akauliza.

Nikamhesabia siku.

Sasa hivi nimetikisa mtungi wa gesi. Mwepesi kama kopo tupu, na mshahara bado siku tisa.